Risasi, kiasi na ganda

Kitale na Bungoma nawasikia watu wakiita 'risasi' kila kitu kinachotiwa kwenye bunduki. Risasi, neno tulilolitoa kwa Waarabu, asili yake ni madini ya kuyeyusha. Ndicho kile kipande kinachoruka, basi. Kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na risasi kiliitwa kiasi, na kamusi za zamani zinalo neno hilo.

Mwindaji hakuweza kuyachanganya. W.D.M. Bell, aliyepitia Mumias mwanzoni mwa karne ya 20 akielekea Karamoja, aliwaua ndovu wengi kwa bunduki ya milimita 7 tu, huku wenzake wakitaka mtutu mpana zaidi. Aliamini kulenga, si ukubwa wa kiasi. (Darubini ya bunduki ni hadithi nyingine.)

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na msamiati wake ukafifia. Hasara si ndogo. Mkulima akiokota ganda tupu shambani, habari zinasema ati 'alinaswa na risasi'. Ganda tupu haliui mtu. Mwandishi na ataje alichokiona: ganda, risasi au kiasi kizima.