Fahamu: Safari ya mhandisi baada ya shahada

Shahada ya uhandisi Tanzania husomwa kwa miaka 4, lakini aliyeipata bado haruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi anayejitegemea. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Ndipo anatafuta uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua 3, akisimamiwa na mhandisi mzoefu, kabla ya kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa bodi hiyo wa SEAP huwapeleka wahitimu kwenye miradi na viwanda kwa ajili hiyo.

Kwa nini muda wote huo? Chukua kipimo cha ulaini wa zege. Darasani ni mistari michache: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, matabaka 3 ya zege, kila tabaka linashindiliwa mara 25, koni inainuliwa, unapima zege limeshuka kiasi gani. Saitini jua linawaka, lori linasubiri, na fundi mwenye uzoefu wa miaka 20 anataka maji yaongezwe ili zege limwagike kirahisi. Mhitimu lazima akatae na aeleze sababu: maji yakizidi, zege linapungua nguvu. Ujasiri huo haupimwi kwa mtihani wa karatasi.

Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi, ya wiki chache wakati wa likizo, yangeweza kuanza kuujenga ujasiri huo. Ndiyo maana inauma kuona mwanafunzi akitumwa kuleta chai siku nzima. Anayekwenda mafunzoni aombe mapema kazi moja ya kuifuatilia mwanzo hadi mwisho, na aiandike kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo siku ile ile.