Bastola Ilipoingia Nyumbani Mwetu

Wengi wetu akina mama tuliolelewa Afrika Mashariki tumeiona bunduki kwa mbali tu, begani mwa askari au mlangoni mwa benki. Kwetu silaha ni jambo zito. Kenya, mwananchi anayetaka bastola huomba leseni kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania, jambo hilo linaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mama anaweza kuishi mpaka akaitwa bibi bila kuigusa bastola hata siku moja.

Lakini mambo hubadilika familia inapohamia Marekani. Huko waume wengi wa kwetu, hata waliokuwa walimu au makarani, huanza maisha mapya kwa kazi ya ulinzi, na mlinzi mwenye silaha kwa kawaida hulipwa zaidi ya yule asiye nayo. Hivyo ndivyo bastola inavyoingia katika nyumba ya watu wapole wasio na ugomvi na mtu yeyote. Imeletwa na riziki.

Je, mama afanye nini kitu hicho kinapoingia chini ya paa lake? Anyamaze kwa kuwa ni mambo ya wanaume? Hebu niwaeleze njia tuliyoifuata sisi, hapa Houston, jimbo la Texas.

Hofu ya mama

Baba watoto alipomaliza mafunzo na kupewa kibali cha ulinzi wa silaha, tulifurahi kwa sababu ya mshahara. Lakini jioni ya kwanza aliporudi na bastola kiunoni, nilishindwa kula. Aliiweka juu ya kabati, nyuma ya mablanketi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne, na umri huo mnaujua: kiti kikiwa ngazi, hakuna kabati lililo refu.

Nilikaa wiki mbili nikipita mbali na kabati hilo kama mtu anayepita kwenye shimo la nyoka. Nikifagia chumba, upande ule nauacha. Mwishowe nilimwambia mume wangu, "Baba, kitu hiki sikijui, na sitaki kulala nacho chumba kimoja nikiwa sikijui. Siku moja nitakikuta mezani wewe umelala usingizi wa zamu ya usiku. Nitafanya nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mama, nenda ukafundishwe. Lakini si na mimi. Mume na mke wakifundishana watagombana." Wote tukacheka, na Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye uwanja wa shabaha penye darasa la wanawake wanaoanza.

Kabla ya kushika silaha

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele za mvi na sauti ya upole. Tulikuwa wanafunzi sita. Saa nzima ya kwanza hakutupa bastola yenye risasi. Alitukalisha mezani akaanza na mavazi, na mimi nikashangaa, maana nilidhani nimekuja kwenye mambo ya vita.

Alitaka viatu vilivyofunika vidole na blauzi yenye shingo iliyobana. Sababu ni kwamba bastola hutupa ganda la risasi likiwa la moto, na likiingia kifuani mwanamke huruka na kusahau kwamba ana silaha mkononi. Tukapewa miwani ya kukinga macho na viziba masikio vya aina mbili, vya kuingiza ndani na vya kufunika kwa juu. Mlio wa bastola hupita desibeli 140, na mlio mmoja tu wa namna hiyo waweza kudhuru masikio kwa maisha yote.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Kuna mwenye mimba hapa? Kuna anayenyonyesha?" Dada mmoja kijana akainua mkono. Mwalimu akamwambia kwa upole akae darasani tu, asiingie ndani ya uwanja. Risasi nyingi zina madini ya risasi, na zikipigwa hutoa vumbi la sumu linaloingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono. Sumu hiyo hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni, tena huingia katika maziwa. Mlio nao haukingwi na ngozi ya tumbo.

Sheria nne

Ukutani palikuwa na sheria nne. Zimeenea duniani kutokana na mafundisho ya Jeff Cooper, askari wa Marekani aliyekuja kuwa mwalimu wa bastola. Tulizisema kwa sauti mpaka tukazishika kwa moyo:

1. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi.

2. Usielekeze kamwe mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu.

3. Usitie kidole kwenye kifyatulio mpaka umeshalenga shabaha yako.

4. Ijue shabaha yako, na kilicho nyuma yake.

Mwalimu alieleza kwamba sheria hizi zinasaidiana. Ukisahau moja, nyingine itakuokoa. Ajali kubwa huja mtu anapovunja mbili kwa pamoja. Nikawaza kwamba hata jikoni ndivyo ilivyo. Mafuta ya moto peke yake hayamchomi mtoto. Humchoma mpini wa kikaango ukielekezwa nje naye akiwa karibu.

Risasi ya kwanza

Tukaingia ndani. Hata na viziba masikio viwili, mlio wa mtu wa jirani ulinipiga kifuani. Mikono ilitoka jasho na magoti yakalegea. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akanipa bastola ya risasi ndogo kabisa, ya milimita 5.6, ambayo hairuki sana mkononi. Shabaha ya karatasi ilikuwa mita tano tu mbele, nayo kwangu ilionekana kama iko ng'ambo ya mto.

Nilifundishwa kusimama miguu ikiwa imeachana kiasi cha upana wa mabega, mwili ukiinama mbele kidogo. Mkono wa kulia unashika, wa kushoto unaukumbatia, na vidole gumba vyote viwili vinakaa upande mmoja. Kidole gumba kisivuke kwenda nyuma ya bastola, kwa maana sehemu ya juu hurudi nyuma kwa nguvu na hukata. Macho yatazame ile alama ndogo iliyo mwisho wa mtutu; karatasi ya mbali iwe na ukungu kidogo. Kifyatulio kisivutwe kwa ghafula, bali kibanwe polepole, kama unavyobana chungwa kutoa maji.

Nilibana. Mlio ukatoka kabla sijautazamia, na machozi yakanitoka. Si kwa maumivu; yalikuwa machozi ya hofu ya wiki mbili. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Pumua. Weka bastola mezani, mtutu uelekee mbele. Tunao muda." Nilipotulia nikapiga nne nyingine. Zote zilikwenda chini ya duara.

Akanionyesha sababu. Mwili wa mwanafunzi huungojea mlio, basi mikono husukuma chini kabla risasi haijatoka. Dawa yake ni kuchanganya risasi za kweli na za bandia zisizolipuka, mwanafunzi asijue ipi inafuata. Ikija ya bandia, unaiona mikono yako ikichota hewa bure. Zoezi hilo lilinifundisha utulivu kuliko maneno mengi. Kufikia mwisho wa saa, karatasi yangu ilikuwa na matundu saba ndani ya duara, mawili yakigusana.

Risasi inayojificha

Lakini kilichonileta hapo hakikuwa matundu. Nilimwomba mwalimu anifundishe kuiondolea bastola risasi, nayo ikawa sehemu iliyo bora kuliko zote.

Watu wengi hudhani kwamba ukitoa magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia katika mpini, bastola imekuwa tupu. Sivyo, mama mwenzangu! Risasi moja yaweza kubaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, nayo haionekani. Bastola nyingi hulipuka hata magazini ikiwa imetolewa. Watu wamepoteza wapendwa wao kwa kusema, "Nimeshatoa risasi."

Utaratibu ni huu: mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe nje. Kwanza toa magazini. Pili, vuta sehemu ya juu nyuma mara kadhaa ili kilichobaki kitoke. Tatu, ifunge ikae wazi. Nne, tazama ndani ya chemba, kisha papasa kwa kidole, maana macho ya mtu aliyechoka hudanganya. Ukifuata kinyume, ukavuta kwanza ndipo utoe magazini, utakuwa umeingiza risasi nyingine wewe mwenyewe. Nilirudia mara ishirini.

Nilipofika nyumbani nilinawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, nikabadili nguo na kuzifua peke yake kabla ya kumpakata mtoto. Hilo nalo ni agizo, kwa ajili ya lile vumbi.

Wanawake wenye shabaha

Tusidhani kwamba mchezo huu ni wa wanaume tu. Mashindano ya bastola ya wanawake yaliingia katika Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Nino Salukvadze wa Georgia alipata dhahabu mjini Seoul mwaka 1988, wakati huo akiwa katika timu ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 2008 mjini Beijing, nchi yake na Urusi zikiwa vitani siku hizo hizo, alipata medali ya shaba na kumkumbatia Natalia Paderina wa Urusi aliyepata fedha. Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro alishindana pamoja na mwanawe Tsotne, mama na mwana katika Olimpiki moja, na mwaka 2024 mjini Paris akatimiza Olimpiki ya kumi. Mkono uliolea mtoto waweza pia kutulia mbele ya shabaha.

Watoto wetu

Hata hivyo, uwanja ni uwanja, na nyumba ni nyumba. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Akikatwa atajifunza. Kwa bastola methali hiyo haifai, kwa kuwa hakuna kujifunza mara ya pili.

Baadhi ya wazazi husema, "Mwanangu nimemkanya, hawezi kuigusa." Watafiti wa Atlanta waliandika habari zao mwaka 2001. Waliwaacha wavulana 64, wa umri wa miaka 8 hadi 12, katika vikundi vidogo ndani ya chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Wavulana 48 waliiona, 30 waliishika, na 16 walivuta kifyatulio. Karibu wote walioishika walikuwa wamekwisha kufundishwa habari za usalama wa silaha. Basi tuwakanye watoto, lakini tusitegemee maonyo peke yake. Tangu mwaka 2020, silaha za moto zimehesabiwa kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana Marekani.

Nilimweleza baba watoto mambo haya tukiwa wawili, watoto wamelala. Sikumlaumu. Nilimwonyesha zile hatua nne kwa bastola yake mwenyewe, mtutu ukielekea mahali salama, naye akaona kwamba mkewe si mgeni tena. Mshahara uliofuata tulinunua sanduku la chuma lenye kufuli, kabla ya kununua televisheni tuliyokuwa tumeipanga. Watoto walinuna, sisi tulilala.

Mambo ya kuzingatia

Ikiwa mume wako ana silaha, au dada yako ng'ambo anaishi nayo, haya yafaa kukumbukwa:

• Bastola ikae bila risasi, ndani ya sanduku lililofungwa. Risasi zikae mahali pengine, nazo zifungwe. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya mkoba wa mama si mahali pa kuficha; watoto hupajua.

• Funguo zisining'inie mlangoni pamoja na za gari.

• Texas, mtu mzima anayeacha kwa uzembe silaha yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 aweza kuipata, huweza kushtakiwa mtoto huyo akiipata.

• Mtoto akialikwa kucheza kwa jirani, uliza bila haya, "Je, mna silaha? Imefungwa?" Unauliza juu ya mbwa mkali, kwa nini usiulize hili?

• Mtu wa nyumbani akiwa na huzuni nzito au akikata tamaa, silaha iondolewe nyumbani kwa muda. Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha Marekani ni vya watu waliojiua.

• Mama anayekwenda kumtembelea mwanawe kwa viza ya matembezi asikubali kushikishwa bastola kama mchezo. Kwa kawaida sheria ya Marekani haimruhusu mwenye viza ya muda kuwa na silaha mikononi.

Madaktari wa watoto wa Marekani husema kwamba nyumba iliyo salama kuliko zote ni ile isiyo na silaha kabisa. Mimi nakubaliana nao, na siku mume wangu atakapopata kazi nyingine, sanduku lile litabaki na vyeti vya kuzaliwa tu. Lakini maadamu kitu kimo ndani ya nyumba, mama asikae nacho gizani. Mwenye nyumba asiyejua kilicho chumbani mwake ni mgeni ndani ya nyumba yake. Ongea na mumeo leo hii, watoto wakiwa wamelala.