Usingizi wa Mtoto Anayetibiwa Lukemia: Kati ya Nakivale na Mbarara

Lukemia, ambayo wengi huiita saratani ya damu, huwapata watoto wengi duniani kuliko saratani nyingine yoyote. Huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, pale chembe nyeupe changa zinapozaliana ovyo na kuzibana chembe nyingine za damu. Aina inayowapata watoto zaidi, lukemia kali ya limfu, inatibika: katika nchi tajiri watoto wapatao tisa kati ya kumi hupona. Lakini tiba yake huchukua miaka miwili hadi mitatu, na muda huo wote usingizi huwa wa shida. Wazazi hulizungumza jambo hili kwa nadra, kwani huona si neno la kumwambia daktari wakati uhai wa mtoto uko mashakani. Hapo ndipo wanapokosea. Mtoto asiyelala hula vibaya, hukataa dawa, na uchovu humwandama mchana kutwa.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yapo tangu mwaka 1958. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Zahanati zake hazitibu saratani. Mtoto anayeshukiwa kuwa na lukemia hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, inayotumiwa pia na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kufundishia madaktari, na wengine huendelea hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967. Kwa hiyo mtoto huyu ana vitanda viwili: cha wodini na cha nyumbani, na kila kimoja kina taabu zake.

Msumbufu mkubwa wa usingizi ni dawa zenyewe, hasa steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni. Hizi huua chembe za saratani, na hakuna tiba ya lukemia kali ya limfu bila dawa za jamii hii. Lakini humchangamsha mtoto usiku, humfanya mkali bila sababu, na humletea njaa isiyo ya kawaida. Saa nane za usiku mtoto huamka akilia anataka ugali, na aliyemlaza ameshiba hawezi kuelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Pamela Hinds na wenzake nchini Marekani uliwafuatilia watoto 100 wenye lukemia, siku tano bila deksamethasoni na siku tano wakiimeza, wakiwa wamevaa mkononi kifaa cha kupimia mienendo ya usingizi. Siku za dawa walilala saa nyingi zaidi kwa jumla, lakini waliamka mara nyingi zaidi usiku, walisinzia zaidi mchana, na walichoka zaidi. Ndiyo kusema wingi wa saa peke yake si kipimo. Usingizi uliokatika-katika haumpumzishi mtoto.

Yapo ya kufanya. Mzazi anaweza kumuuliza daktari kama dozi ya pili ya siku inaweza kutolewa alasiri badala ya usiku. Asiibadilishe mwenyewe, wala asiikatishe kamwe kwa sababu ya usingizi, kwani kuacha steroidi ghafla ni hatari. Uji mzito au chakula kidogo kabla ya kulala hupunguza njaa ya usiku wa manane. Chai ya majani jioni iachwe, maana nayo humkeshesha mtu.

Sababu ya pili ni maumivu. Vinkristini, dawa iliyotolewa katika ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, huchokoza neva: mtoto hulalamika kwamba taya linauma, miguu inawaka au imekufa ganzi, na tumbo limefunga choo. Methotreksati huweza kuleta vidonda mdomoni. Mtoto mdogo hawezi kuyaeleza haya. Yeye hugeuka-geuka tu kitandani. Kabla ya kumbembeleza, ni vyema kutafuta panapouma na kumwambia daktari, kwa sababu maumivu ya neva na kufunga choo vina dawa zake.

Wodini taa huwaka, watoto wengine hulia, na dripu inayopita usiku humwamsha mtoto kila mara kwenda haja ndogo. Mama naye amelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Kopo la haja karibu na kitanda huokoa safari ya kwenda chooni, na kitambaa chepesi kinaweza kumkinga mtoto na mwanga wa taa. Wauguzi nao wanaweza kusaidia sana wakiunganisha kazi za usiku: joto lipimwe na dawa itolewe kwa mara moja, mtoto asiamshwe mara tatu.

Nyumbani Nakivale jua hufanya nusu ya kazi. Karibu na ikweta linachomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili. Mtoto atolewe nje asubuhi, acheze kadiri ya nguvu zake, na usingizi wa mchana usiwe mrefu wala wa jioni. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 5 apate saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12. Katika chumba kimoja cha familia nzima, pazia, simu iliyozimwa na hadithi ya bibi kila usiku saa ile ile hufaa kuliko dawa yoyote ya dukani. Chandarua chenye dawa si cha hiari: malaria kwa mtoto ambaye kinga yake imeshushwa ni balaa. Watoto waliokimbia vita pia huota ndoto za kutisha, na hilo nalo linafaa kuambiwa wahudumu.

Piriton, ambayo wengi huitumia kulaza watoto, na mitishamba ya usingizi visitolewe bila ruhusa ya daktari. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni nazo zisitolewe hivyo, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa damu.

Kuna usiku mmoja ambao mtoto hapaswi kubembelezwa alale: usiku wa homa. Joto likifika nyuzi 38, mtoto apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo bila kungoja kupambazuke, wala asipewe parasetamoli kwanza, kwa kuwa huificha homa. Nauli ya bodaboda na namba ya simu ya wodi viwekwe tayari tangu siku ya kutoka hospitalini.