Bango la Filamu Linamtafuta Nani?

Bango la filamu ya pili ya Rambo, ya mwaka 1985, halihitaji msomaji. Sylvester Stallone amesimama kifua wazi, kitambaa kichwani, bazuka mikononi, nyuma yake moto unawaka. Asiyejua Kiingereza hata neno moja ameshaelewa steringi ni nani, kazi iliyomleta ni vita, na kwamba aliyekuja kutafuta hadithi ya mapenzi amekosea mlango. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Tumezoea kulichukulia bango kama muhtasari wa filamu, lakini bango humchagua mtazamaji kwanza, kisha mhusika na mahali hupangwa kwa kumfuata yeye. Tukilitazama hivyo, tutaelewa kwa nini vilima vya Kisii na Nyamira ni nadra kuonekana kwenye mabango yanayoitangaza Kenya.

Chukua Out of Africa, pia ya 1985, iliyotokana na maisha ya Karen Blixen nchini Kenya. Waliowekwa mbele ya mnunuzi ni Meryl Streep na Robert Redford. Kenya yenyewe ni mandhari nyuma yao. Tangu hapo, na hata kabla, picha ya nchi hii kwa mgeni imekuwa nyika, mgunga mmoja na jua linalozama. Sasa tuseme hadithi inatokea Kebirigo, kwenye majani ya chai, mashamba yaliyogawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakawa vipande vyembamba vinavyoshuka mtoni, na mvua inayonyesha alasiri kana kwamba ina saa yake. Ukiibandikia mgunga umedanganya. Ila mchoraji anayefanya hivyo huenda anaijua Nyamira vizuri. Ameamua tu kwamba mteja wake yuko London, na mteja huyo anaitambua Kenya kwa simba.

Mtu wa Kisii mjini anaweza kupinga kwamba haya ni mambo ya majumba ya sinema. Kwenye kibanda cha video, kinachotangaza ni ubao wa chaki, jina la filamu na saa yake, na chini yake mechi ya Arsenal. Kwenye duka la muvi mteja hutoa flashi na kusema anataka ya DJ Afro, msimulizi wa filamu. Ni kweli, lakini jibu limo humohumo. Filamu ya Kichina ikipewa jina la DJ Afro inapata mtazamaji mwingine kabisa: anayetaka kusimuliwa kwa Kiswahili na Sheng', acheke, na adui atukanwe ipasavyo. Jina hilo peke yake ni bango. Nairobi Half Life, filamu ya Tosh Gitonga ya 2012, inaanza na Mwas, kijana wa mashambani anayeuza muvi za mapigano kwa kuwaigizia wateja matukio yaliyomo. Karatasi imepungua, lakini kazi ya kumwita mtazamaji haijapungua hata kidogo.

Pingamizi la pili ni kwamba mabango husema uongo. Husema, tena sana. Huko Ghana, tangu miaka ya 1980, wenye video za kuzunguka vijijini waliwaajiri wachoraji waliopaka rangi kwenye magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, na mara nyingi waliongeza nyoka na damu ambavyo filamu haikuwa navyo. Biashara iliendelea kwa sababu aliyeahidiwa kutishwa alitishwa, hata kama nyoka hakutokea. Uongo wa tukio husameheka; uongo wa aina ya filamu humkasirisha aliyelipa. Sheria ya Kenya nayo inalijua hilo. Chini ya Sura ya 222, bodi inayopanga filamu kwa umri hukagua kila filamu na kila bango linalowasilishwa kwake, maana picha ya kitoto juu ya filamu ya miaka 18 inaweza kumwingiza mtoto mahali pasipomfaa.

Je, bango la hadithi ya Gusii lijazwe ndizi na vinyago vya mawe ya Tabaka? Hapana, hiyo ingekuwa brosha ya watalii, na Mkisii mwenyewe angeicheka. Mama aliyevaa gambuti, mwavuli mkononi, ukungu ukiwa umelifunika jabali la Manga, anatosha. Swali gumu zaidi ni lugha ya jina. Jina la Ekegusii, lugha ya Wakisii, humwita mtu wa Keroka na ndugu yake aliye Minnesota kwa mkupuo mmoja, lakini humwacha nje mtazamaji wa Mombasa. La Kiswahili humwingiza wa Mombasa, na wa Keroka hubaki akijiuliza kama hadithi hii ni yake. Bango la ukutani lingeweza kumvuta huyo wa Keroka kwa picha. Sasa bango limepungua hadi ukubwa wa kidole gumba kwenye simu, linabeba uso mmoja na maneno mawili, na kitu cha kwanza kupotea ni mahali. Kwa hiyo neno moja la Ekegusii kwa herufi nene litalazimika kufanya kazi ambayo jabali la Manga haliwezi tena kuifanya kwenye kioo kidogo namna hiyo.