Anayetaka Lugha ya Mgeni Aende na Yake Mkononi

Mwanafunzi wa Kenya aweza kuketi darasani miaka kadhaa akifundishwa Kifaransa au Kijerumani, akahifadhi vitenzi na nyakati zake zote, akapita mtihani kwa alama za kupigiwa mfano, na bado asiweze kumwelekeza mtalii njia ya kwenda posta. Hali hii imewachosha walimu na kuwavunja moyo wanafunzi. Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi wamelikimbilia jambo jingine: kuwasha simu au tarakilishi na kuzungumza kwa njia ya video na mtu wasiyemjua, aliye Lyon au Berlin, ili wazizoeze ndimi zao lugha ile.

Mara nyingi wanafunzi wangu wa isimu, na hata walimu wa shule za upili, huniuliza iwapo zoezi hili lina manufaa. Jibu langu ni kwamba lina manufaa makubwa, lakini kwa sharti moja: mazungumzo yawe ya nipe nikupe, wala yasiwe ya kuombaomba.

Kwanza tuyatazame manufaa yenyewe. Mtaalamu wa Kanada, Merrill Swain, aliwachunguza wanafunzi wa nchi hiyo waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa ilhali si lugha yao ya nyumbani. Walikuwa wameisikia kwa miaka mingi na kuielewa barabara, lakini waliposema au kuandika, sarufi yao ilikuwa na kasoro tele. Mwaka 1985 Swain alitoa hoja kwamba kusikia na kuelewa pekee hakutoshi. Sharti mwanafunzi alazimike kuitamka lugha ndipo aone mahali anapopungukiwa. Naye Michael Long alisisitiza kwamba lugha hupatikana zaidi pale wazungumzaji wanapokwama, wakaulizana, wakarudia na kurekebisha maneno hadi wakaelewana. Kitabu hakimwambii mwanafunzi, "Samahani, sikukuelewa." Mtu wa upande wa pili humwambia, na papo hapo mwanafunzi hutafuta njia nyingine ya kusema.

Hata hivyo, si kila mlango wafaa kubishwa. Mnamo 2009 zilizuka tovuti mbili, Omegle na Chatroulette, zilizomkutanisha mtu na mgeni yeyote kwa bahati nasibu, kama atupaye dado. Wako waliozitumia kujizoeza lugha, lakini wengi zaidi walikutana humo na uchafu usiosemeka mbele ya watu. Omegle ilifungwa Novemba 2023, baada ya kesi na lawama nyingi kuhusu watoto waliodhulumiwa kupitia kwayo. Mahali ambapo mgeni hana jina, hana ratiba na hana sababu ya kukusikiliza, hakuna somo. Akichoka na kigugumizi chako, hubonyeza kitufe akaenda zake.

Kinyume chake ni utaratibu ambao wataalamu huuita tandemu, yaani baiskeli ya watu wawili, ambapo kila mmoja hukanyaga pedali zake. Ufaransa na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa urafiki mwaka 1963, baada ya vita vilivyowagharimu roho nyingi, vijana wao walianza kukutanishwa, na katika mikutano hiyo utaratibu huu ukakomaa: Mfaransa amfunze Mjerumani, naye Mjerumani amfunze Mfaransa. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Jimbo la São Paulo, nchini Brazili, kiliuhamishia kwenye video katika mradi wa Teletandem. Wanafunzi wake hukutana kwa ratiba na wenzao wa ng'ambo. Nusu ya kipindi huzungumza Kireno, nusu ya pili lugha ya mwenzao, bila kuzichanganya. Kisha hurudi kwa mwalimu kujadili yaliyowatatiza. Mgeni huyo ana sababu ya kuvumilia kigugumizi chako, maadamu zamu yake ya kugugumia inakuja.

Hapa ndipo linapozuka swali linalotuhusu sisi. Je, kijana wa Kakamega au Kilifi ana nini cha kumpa mgeni? Wengi hudhani hana kitu, wakaingia katika mazungumzo hayo kwa unyonge kama mtu aliyekwenda kukopa. La hasha! Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig na Bayreuth nchini Ujerumani, katika INALCO jijini Paris, SOAS jijini London, Osaka nchini Japani, na katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Wanafunzi wa vyuo hivyo wanamtafuta mtu wa kuzungumza naye kwa hamu ileile tuliyo nayo sisi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu ameshafika mlangoni.

Lakini mtaji huu wataka kutunzwa. Mwanafunzi wa Leipzig aliyesoma sarufi kwa bidii atasema, "Vitabu vyangu vimepotea." Kijana wetu aliyezaliwa Nairobi atamjibu, "Hata zangu zimepotea." Mgeni atauliza ni kwa nini "vitabu" vimegeuka kuwa "zangu". Atauliza pia kwa nini husemwa "kipofu amekuja" na wala si "kipofu kimekuja", ilhali kiti "kimevunjika". Ni wangapi miongoni mwa vijana wetu wanaoweza kumweleza kwamba upatanisho hapa hufuata uhai wa anayetajwa, wala si umbo la neno peke yake? Simlaumu kijana kwa kuzungumza Sheng na marafiki zake. Kila lugha ina uwanja wake. Ninachosema ni kwamba anayeingia sokoni na bidhaa asiyoijua atapunjwa. Kwa hiyo mazungumzo haya yana faida ya pili ambayo wengi hawaioni: humlazimisha mwanafunzi wa Kifaransa kurudi kukisoma Kiswahili.

Kwa walimu wenzangu nina mapendekezo machache. Msiwaache wanafunzi wajitafutie wageni usiku wakiwa peke yao chumbani. Tafuteni darasa la ng'ambo kupitia kwa mwalimu wake, mpange mazungumzo ya darasa kwa darasa, mwalimu akiwapo kila upande. Pale penye tarakilishi moja tu, wanafunzi watatu au wanne na wazungumze kwa zamu, wengine wakiandika maneno mapya. Saa kumi alasiri hapa kwetu ni saa nane mchana jijini Paris wakati wa baridi, na saa tatu usiku jijini Beijing. Kwa hiyo Ulaya yafikika saa za shule, lakini kwa Beijing sharti tuanze mapema. Na iwe marufuku mwanafunzi kutoa anwani, nambari ya simu, picha au fedha.

Najua ziko shule zisizo na umeme, sembuse intaneti. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini kutoka ufukweni hadi darasa la kijijini ni safari nyingine, na ni wajibu wa serikali kuikamilisha. Lugha za kigeni zisiwe urithi wa watoto wa matajiri pekee.

Hata hivyo, tandemu haihitaji mtambo wa bei ghali ili ianze. Yahitaji watu wawili, saa ya ukutani, na mapatano kwamba kila mmoja atakuwa mwalimu kwa nusu saa na mwanafunzi kwa nusu saa. Nawe mwanafunzi, kabla hujaitafuta sauti ya Mfaransa, jiulize iwapo waweza kumweleza ni kwa nini kipofu "amekuja" na kiti "kimevunjika".