Damu Kuganda: Hatari Isiyochagua Umri

Mwezi Aprili mwaka 2003, majeshi ya Marekani yalipokuwa yakisonga mbele kuelekea Baghdad, mwandishi wa habari David Bloom, aliyefuatana nayo, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 39. Hakupigwa risasi wala hakukanyaga bomu. Aliuawa na bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu, baada ya siku kadhaa za kukaa na kulala amekunja miguu ndani ya gari la kivita. Alikuwa amekwisha kulalamikia maumivu ya miguu na kushauriwa atafute matibabu, lakini aliendelea na kazi.

Damu ya miguuni hurejea moyoni kwa kusukumwa na misuli, hasa ya mashavu ya miguu. Misuli hiyo isipofanya kazi kwa saa nyingi, damu hutuama na huweza kuganda. Bonge likibanduka, hupita moyoni na kunasa mapafuni.

Ugonjwa huu hudhaniwa kuwa ni wa wazee. Hata hivyo, mcheza tenisi Serena Williams ulimpata mwaka 2011 akiwa na miaka 29. Aliyevunjika mguu, aliyepasuliwa, mjamzito, na mwenye ndugu waliowahi kuugua wamo hatarini zaidi.

Askari, aliyefunzwa kuvumilia maumivu, ndiye hasa anayeweza kuzipuuza dalili zake: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuhema ghafla, kifua kuchoma avutapo pumzi, au kukohoa damu. Mwenye dalili za kifua apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia damu kuganda huokoa maisha zikiwahiwa. Katika safari ndefu za lori, wakuu wa misafara wawaamuru askari washuke na kutembea.