Difloki kwa Barabara za Umatengo: Nguvu Pekee Haitoshi

Ushauri mwingi kuhusu difloki, kifaa kinachofunga difu, umeandikwa na watu wa theluji, kule Kanada, Norwei na milimani Marekani. Mbinga, huku Umatengo, hakuna theluji. Kuna udongo mwekundu ambao, mvua zikishika kati ya Novemba na Aprili, hulainika juu vidole viwili vitatu huku chini ukibaki mgumu. Kwa tairi, hali hiyo inakaribiana sana na theluji iliyolala juu ya barafu: tabaka la juu linateleza, na tairi isipolipenya haipati pa kushika. Kwa hiyo mengi waliyojifunza wenzetu wa baridi yanatufaa. Lililo kubwa kuliko yote ni hili ambalo wauzaji hawapendi kulisema: difloki inayosaidia gari kupanda ndiyo hiyohiyo inayoweza kuliteremsha mtaroni.

Tuanze na difu yenyewe. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kama nafasi kati ya tairi mbili za nyuma ni mita 1.5, kona ya nusu duara hulifanya lile la nje liende karibu mita 4.7 zaidi, kona iwe kali au pana. Difu, ambayo Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliipatia hataza mwaka 1827, huyaruhusu magurudumu hayo kuzunguka kwa kasi tofauti huku yote yakipokea nguvu ya injini. Uhuru huo una bei yake. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili msukumo ulio sawa, na kiasi chake huamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo.

Hesabu itaonyesha uzito wa jambo hilo. Chukua Land Cruiser, ile tunayoiita mkonge, imepakia mbolea ya wakulima wa kahawa na uzito wake wote umefika kilo 3,000. Inapanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10. Ili isirudi nyuma tu, inahitaji msukumo wa kama kilo 300. Magurudumu yake ya kushoto, mbele na nyuma, yako kwenye tope, na kila moja linaweza kusukuma kilo 60 kabla ya kuanza kuzunguka bure. Ya kulia yako kwenye changarawe na kila moja lingeweza kusukuma kilo 400. Dereva ameshaweka four. Kwa difu za kawaida, kila ekseli inatoa 60 na 60, yaani 120. Ekseli mbili ni 240. Gari halipandi, ingawa upande wa kulia una mshiko tele usiotumika.

Sasa badilisha difu ya nyuma. Ukiweka ile ya LSD, inayobana magurudumu kiasi bila kuyafunga, na tuseme inalipa gurudumu lenye mshiko mara 3 ya linachopata lenzake, nyuma utapata 60 na 180. Ukijumlisha na 120 za mbele unapata 360: gari linapanda kwa shida, na tope likizidi kina halipandi. Ukifunga difu ya nyuma kabisa, utapata 60 na 400. Pamoja na za mbele ni 580. Ukifunga na ya mbele, 920. Jambo jingine: gurudumu likiwa hewani kabisa, mara 3 ya sifuri ni sifuri. LSD inayotegemea gia peke yake hapo haina msaada, na ile ya sahani husaidia kwa kadiri sahani zake zilivyobaki nzima. Difloki haijali hewa.

Kwa hesabu hiyo mtu angesema basi, tufunge zote mbili muda wote. Hapa ndipo mteremko unapoingia. Tairi ina akiba moja ya mshiko, ambayo huigawa kati ya kusukuma gari mbele na kulizuia lisiteleze kando. Ikianza kuzunguka bure, akiba imekwisha kwa pande zote. Difu ya kawaida ikishindwa, gurudumu moja huzunguka na la pili hutulia. Hilo lililotulia hushikilia mkia wa gari kama nanga. Umekwama, lakini umekwama barabarani. Funga difu, ukanyage mafuta mahali ambapo mshiko wa pande zote mbili ni mdogo, na magurudumu yote mawili yatazunguka pamoja. Mkia umepoteza nanga yake, na utafuata mwinamo. Barabara ya udongo hunyanyuliwa katikati ili maji yaende pembeni, kwa hiyo mwinamo unaelekea mtaroni. Na kwenye njia zinazopanda kuelekea Litembo na Maguu, ng'ambo ya mtaro mara nyingi ni bonde, miteremko ileile ambayo Wamatengo hulazimika kuichimba mashimo ya ngoro ili mvua isiondoke na udongo.

Ndiyo maana difloki ya otomatiki, inayojifunga yenyewe kila unapokanyaga mafuta, inapendwa na wapanda miamba lakini watu wa barafu huiogopa. Kwa sababu hiyohiyo haifai Umatengo. Unahitaji ya swichi, iwe ya umeme au ya upepo, ambayo wewe ndiye unayeamua ishike lini na iachie lini. Ya upepo, kama ile ya ARB ya Australia, inahitaji kompresa na mpira mwembamba unaopeleka hewa ndani ya difu. Kompresa hiyohiyo itakujazia tairi. Ya umeme haina mpira wa kuvuja, ila waya na mota yake hukaa chini ambako tope na maji hupiga kila siku.

Lami nayo inatoa hukumu ileile. Tangu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, gari la huku lina maisha mawili. Asubuhi linateremka kona kwa kona, kutoka nyanda za juu zaidi ya mita 1,300 hadi Ziwa Nyasa lililo kama mita 475 juu ya usawa wa bahari; mchana linaacha lami na kuingia njia ya kijijini. Wapo mafundi watakaokushauri kuchomelea difu ya nyuma, kazi ya mchana mmoja na bei ya waya wa kuchomelea. Kumbuka zile mita 4.7. Kwenye lami lazima tairi iburuzwe kufidia tofauti hiyo katika kila kona kali, hivyo utakula tairi, utakata shafti, na siku lami ikiwa na maji gari litakwenda moja kwa moja wakati usukani umekata.

Kuna kosa lingine la kuepuka kabla ya kutoa hela. Land Rover Defender ya zamani ina four ya kudumu, na ile difloki yake ya wenzo wa gia hufunga difu ya katikati tu, yaani huunganisha mbele na nyuma. Haifungi gurudumu la kushoto na la kulia. Mkonge haina difu ya katikati; ukiweka four tayari umeunganisha mbele na nyuma. Kwa hiyo magari hayo mawili, Defender ikiwa imefungwa katikati, yako sawa: yote yanaweza kusimama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure. Magari madogo kama RAV4 na Noah yaache. Shafti zao hazikutengenezwa kubeba msukumo wote kwa gurudumu moja.

Ufukweni mambo hubadilika. Mchanga wa Mbamba Bay na Liuli hulegea chini ya magurudumu yote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo hakuna gurudumu lenye akiba kubwa ya kukopesha. Hapo anza na upepo wa tairi: ushushe kutoka psi 35 hadi 18 hivi, tairi ilale na ikanyage eneo refu zaidi. Endesha polepole, usikate kona ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Mpangilio wa matumizi ya fedha basi ni huu. Kwanza tairi zenye meno ya tope, maana difloki husambaza mshiko uliopo, haiumbi mpya. Pili, hakikisha four yenyewe inashika, na frii wili za mbele hazijaganda. Tatu, tengeneza hendibreki. Kwenye mkonge hushika magurudumu ya nyuma, na ukiivuta kiasi wakati moja linazunguka bure, unaliongezea upinzani na difu inalipelekea lenzake msukumo zaidi. Kwenye Defender haisaidii, kwa sababu inashika propela. Nne, difloki ya nyuma. Ya mbele iwe ya mwisho, na ukiiwasha usukani huwa mzito na gari hukataa kukata.

Kabla ya kununua, tazama dashibodi. Land Cruiser nyingi zilitoka kiwandani na difloki ambazo mwenye gari wa sasa hajawahi kuzigusa, na mota zake zimeganda kwa kukaa. Kuipima ni rahisi: weka magogo mbele ya tairi za mbele, inua nyuma yote na uiweke juu ya stendi imara, gia iwe ndani, washa difloki, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, haijashika. Ulilolishika likikataa kuzunguka, imeshika.

Njiani, iwashe kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linatambaa, kamwe gurudumu likiwa linazunguka bure. Pita kwa mstari ulionyooka, kisha izime. Ikigoma kuachia, rudi nyuma kidogo. Na kiangazi chote, hata kama hakuna tope, iwashe mara moja kwa mwezi kwenye vumbi, uende hatua chache ukiwa umenyoosha usukani. Difloki isiyotumika kuanzia Mei hadi Oktoba ndiyo inayogoma mvua ya kwanza ya Novemba.